Kagera: Uhuru wa kibanja chini ya chama kimoja

*Mwanamke wa Muleba alishinda mahakamani haki ya kuuza shamba la ukoo wakati nchi ikiwa na chama kimoja tu. Mbunge wa Ihangiro, kwenye ardhi ya wilaya hiyohiyo, alipoteza kiti bila wapiga kura wake kuulizwa. Nani alikuwa huru?*

AGOSTI 24, 1988, mwanamke mmoja wa Muleba aliuza shamba la ukoo ambalo baba yake alimwachia kwa wosia. Umri ulikuwa umekwenda na hakuwa na wa kumtunza. Mnunuzi, mtu asiye wa ukoo, alimlipa shilingi 300,000.

Kesho yake jamaa wa ukoo alifungua shauri Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha. Dai lake lilikuwa fupi: mwanamke hauzi shamba la ukoo.

Kwa taratibu za wakati ule, alikuwa na hoja. Kanuni za urithi za kimila, ambazo Serikali yenyewe iliziandika na kuzitangaza katika Tangazo Na. 436 la mwaka 1963, zilimruhusu binti kulitumia shamba la ukoo maisha yake yote. Kuliuza, hapana. Mwanamume wa ukoo huohuo akiuza, ndugu walichoweza kufanya ni kulikomboa kwa kumrudishia mnunuzi fedha zake.

Mahakama ya Mwanzo ikabatilisha mauzo na kumwamuru mama arudishe fedha. Mahakama ya Wilaya ikageuza uamuzi huo. Shauri likapanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, na Februari 22, 1990, Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba Katiba imekataza ubaguzi, hivyo mwanamke wa Kihaya ana haki ileile ya kuuza aliyonayo mwanamume. Aliyetaka shamba lirudi kwenye ukoo alibakiwa na njia moja: alipe 300,000.

Wanasheria wanaijua kesi hiyo kama Bernardo Ephraim dhidi ya Holaria Pastory, na inafundishwa mpaka ng'ambo. Mwaka wake ndio unaosahaulika. Februari 1990 Tanzania ilikuwa bado nchi ya chama kimoja kwa Katiba. Oktoba ya mwaka huo mpiga kura wa Muleba aliyekwenda kituoni alikuta jina moja la mgombea urais, Ali Hassan Mwinyi, na nafasi ya kusema Ndiyo au Hapana.

Mama aliruhusiwa kuushinda ukoo mzima mahakamani. Kumchagua rais mwingine, hakuruhusiwa.

Kura hailiwi?

Ukikaa na wazee wa Bukoba au Kamachumu na ukawauliza habari za enzi za chama kimoja, mabishano hayachelewi kuanza.

Upande mmoja utakwambia watu walikuwa huru kuliko leo. Mtoto alisoma bila karo, mgonjwa alitibiwa bila kuulizwa fedha, na kiongozi mwenye mali isiyoelezeka aliogopa Azimio la Arusha. Watakukumbusha pia jambo ambalo mtu wa Dodoma au Mtwara hakuliona kwa macho: ng'ambo ya mpaka wa Mutukula kulikuwa na Idi Amin. Mwaka 1978 majeshi yake yalivuka na kuikalia ardhi yote ya kaskazini ya Mto Kagera, yakaua, yakapora ng'ombe, yakabomoa. Ukilinganisha na hayo, mjumbe wa nyumba kumi anayekuuliza mgeni wako ametoka wapi alikuwa kero ndogo tu.

Upande wa pili unauliza: huru kufanya nini? Sukari ilipatikana kwa mgao kwenye duka la ushirika, na aliyeshika daftari la mgao mara nyingi ndiye aliyeshika daftari la Chama. Mwaka 1983, katika vita dhidi ya wahujumu uchumi, mtu alikamatwa kwa kukutwa na katoni za sabuni. Mwaka huohuo Sheria ya Nguvu Kazi ikaruhusu asiye na kazi inayotambulika aondolewe mjini. Gazeti lingeweza kufungwa kwa amri ya waziri kwa Sheria ya Magazeti ya 1976, na mtu aliweza kuwekwa kizuizini bila kesi kwa sheria ya 1962.

Hoja ya upande wa kwanza siidharau. Ina ushahidi, na ushahidi mkubwa kuliko wote umo kwenye ardhi ya Bukoba na Muleba yenyewe.

Nyarubanja ilivyokufa

Kibanja cha Mhaya ni zaidi ya shamba. Katikati ipo nyumba; inazungukwa na migomba, chini ya migomba imepandwa mibuni na maharage, na ardhi yote imefunikwa nyasi zilizokatwa rweya, yaani uwanda wa nyasi nje ya vibanja, ili udongo usichoke. Humo humo wamezikwa mababu. Anayeamua mambo ya kibanja chako anaamua mambo yako yote, ya uhai na ya kaburi.

Kwa vizazi, maelfu ya watu hawakuwa na amri hiyo. Katika mfumo wa nyarubanja, mtemi au mtu aliyependelewa naye alimilikishwa eneo pamoja na watu waliokuwa wakikaa juu yake. Waliolima waliitwa watwarwa na walitoa kodi kwa bwana wao, kwa mazao, kwa kazi na baadaye kwa fedha. Mtwarwa alipanda mbuni wake kwa mikono yake, lakini ardhi iliyoubeba ilikuwa ya mwingine. Waingereza waliukuta mfumo huo, wakaupunguza makali, wakauacha.

Uliondolewa na Bunge la Jamhuri mwaka 1965, kwa sheria iliyomfanya mtwarwa kuwa mmiliki. Mwaka 1968 sheria nyingine ikapanua ukombozi huo kwa wapangaji wengine wa ardhi za kimila. Watemi wenyewe walikuwa wameshaondolewa madarakani mwaka 1963.

> *Mwaka uliomkomboa mtwarwa ndio mwaka ulioifanya Tanzania kuwa nchi ya chama kimoja.*

Mwaka 1965 ndio huohuo Katiba ya Muda ilipotamka kwamba patakuwa na chama kimoja tu cha siasa, TANU kwa Bara na ASP kwa Zanzibar. Mkulima wa Muleba alipata kibanja na akapoteza chama cha pili katika mwaka mmoja. Ukimuuliza ni kipi alichokiona mwaka ule, hahitaji kufikiri.

Ila kuna jambo. Haki ile haikudondoka kutoka mbinguni. Ilitokana na watu waliopiga kelele kabla TANU haijawa serikali.

Fukusi, mabomu ya machozi na Ali Migeyo

Siasa za Buhaya tangu zamani zimekuwa zikiingia kwa mlango wa shambani. Mwaka 1937 kanuni za Waingereza za kulima kahawa zilizua ghasia Bukoba. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 maofisa wa kilimo wakaja na amri nyingine, safari hii juu ya fukusi wa migomba. Waliingia vibanjani na kuwalazimisha watu kung'oa migomba iliyoshambuliwa.

Kitaalamu huenda walikuwa na haki. Lakini hakuna aliyemwomba mwenye migomba ruhusa.

Ali Migeyo, mwanasiasa wa hapa ambaye baadaye alikuwa mmoja wa nguzo za TANU Kanda ya Ziwa, aliibeba hasira hiyo. Mkutano wa Kamachumu ulitawanywa kwa mabomu ya machozi na Migeyo akafungwa. Watu hawakuwa wakipigania Katiba. Walikuwa wakipigania mgomba, na njia waliyoiona ni kupata serikali wanayoweza kuibana. Tangu hapo anayesema wananchi wa kawaida hawahitaji haki za kisiasa, wanahitaji ndizi tu, hajui watu wa Kamachumu walilipia nini.

Kiti cha Ihangiro

Kwa haki lazima tuseme kwamba uchaguzi wa chama kimoja haukuwa mchezo mtupu. Mwaka 1965 kila jimbo, isipokuwa machache, lilikuwa na wagombea wawili wa TANU. Mmoja alipewa alama ya jembe na mwingine ya nyumba ili asiyejua kusoma apige kura bila kudanganywa. Walizunguka pamoja kwenye mikutano iliyoandaliwa na Chama, na hawakuruhusiwa kutaja kabila wala dini. Wananchi waliangusha vigogo: Waziri wa Fedha, Paul Bomani, alipoteza jimbo lake. Mswidi Göran Hydén, aliyefanya utafiti wake Buhaya miaka hiyo, alikuta Chama chenye mizizi hadi vijijini na watu wanaokitumia kutafuta mahitaji yao.

Basi ulikuwapo ushindani. Swali ni nini kilimpata mbunge aliyechukulia ushindani huo kwa uzito kupita kiasi.

Oktoba 1968 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU iliwafukuza uanachama wabunge kadhaa kwa pamoja. Jina kubwa lilikuwa la Oscar Kambona, aliyekuwa ameshakimbilia London. Katika orodha walikuwamo wawili wa Ziwa Magharibi, kama mkoa ulivyoitwa wakati huo: G. R. Kaneno wa Karagwe na J. M. Bakampenja wa Ihangiro, eneo ambalo leo limo ndani ya Wilaya ya Muleba. Wawili hao walikuwa kwenye mgogoro na uongozi wa mkoa.

Kwa Katiba, asiye mwanachama wa TANU hakuweza kuwa mbunge. Kadi ikachukuliwa, kiti kikafuata.

> *Wapiga kura wa Ihangiro walimweka mbunge wao kwa kura. Aliondolewa kwa kikao ambacho hawakukaa.*

Hapa ndipo ninapoachana na wazee wanaosema siasa na maisha ni vitu viwili. Mbunge anayegombana na wakubwa wa mkoa kwa kawaida anagombana juu ya nini? Juu ya ushuru, juu ya ardhi, juu ya mtu aliyepigwa au kuwekwa ndani. Mambo ya kila siku. Akinyamazishwa yeye, mtu wa kijijini hapati hasara ya heshima tu. Anakosa pa kupeleka malalamiko.

Ushirika uliofutwa bila kura

Miaka minane baadaye mkulima wa kahawa aliyaona matokeo.

Bukoba Cooperative Union, BCU, iliandikishwa mwaka 1950, chini ya mkoloni. Ilikuwa na makosa yake, na wizi ulikuwapo. Lakini wanachama walichagua kamati zao, walisomewa mahesabu, na waliweza kuzomea. Mei 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, BCU ikiwamo. Kahawa ikawa chini ya mamlaka ya zao. Kijijini, sheria ya vijiji ya 1975 ilikuwa imeshamfanya mwenyekiti wa tawi la Chama kuwa mwenyekiti wa kijiji, na kijiji chenyewe kuwa ndicho ushirika. Mkulima aliyepunjwa kwenye mizani alimlalamikia mtu huyohuyo aliyesimama nyuma ya mizani.

Ni kweli Buhaya haikuonja Operesheni Vijiji kama Shinyanga au Dodoma. Watu walishakaa vijijini kwa karne, na nani angehamisha kibanja chenye mibuni na makaburi? Vijiji vipya vya ujamaa vilianzishwa zaidi kwenye nyasi za rweya. Jannik Boesen na wenzake waliovichunguza walikipa kitabu chao cha 1977 jina la ujamaa unaotoka juu. Jina linatosha.

Ushirika ulirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na leo tunayo KCU. Lakini vile ulivyorudishwa ndivyo ulivyokuwa umefutwa: kwa uamuzi wa Dodoma na Dar es Salaam. Wanachama hawakuulizwa ulipozikwa, wala ulipofukuliwa.

Sasa linganisha na yule mama wa Muleba. Kwa nini haki yake ilisimama? Kwa sababu mwaka 1984 haki za binadamu ziliingizwa kwenye Katiba, na kuanzia Machi 1988 mwananchi aliweza kuzidai mahakamani. Miezi mitano kabla hajauza shamba! Angeuza mwaka mmoja mapema, hakimu wa wilaya asingekuwa na kifungu cha kushika. Mama alikuwa na karatasi ya kumshitakia mtu. Mwanachama wa BCU mwaka 1976 hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ilikuwa fadhila, na fadhila huondoka na mwenye nayo.

Vyama vingi na kahawa ileile

Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991, ilizunguka nchi nzima ikiuliza kama chama kimoja kiendelee. Takriban wanane katika kila kumi walijibu ndiyo. Tume hata hivyo ilipendekeza vyama vingi, ikiheshimu wale wachache, na ikaorodhesha sheria 40 kandamizi za kufutwa au kurekebishwa. Mfumo ulibadilika rasmi Julai 1, 1992.

Zile sheria 40 hazikuwa na haraka hiyo. Sheria ya Magazeti ya 1976 ilidumu mpaka 2016, miaka 24 baada ya vyama vingi, na iliyoirithi nayo ina makali yake.

Na kahawa? Nenda Muleba mwezi wa Desemba au Januari, mibuni ikiwa bado na punje mbichi na shule zikikaribia kufunguliwa. Mtu mwenye fedha mkononi anakuja jioni. Anakubaliana na mwenye shamba: chukua hizi sasa, mavuno nitachukua magunia kadhaa. Hiyo ndiyo butura. Bei yake ni ya njaa, na familia nyingi zimefungwa nayo miaka nenda miaka rudi. Serikali inaipiga vita, na sioni sababu ya kuitetea. Lakini mkulima anayepigwa marufuku kuuza mapema bila kupewa mahali pa kukopa ada ya mtoto amezuiwa mlango mmoja pasipo kufunguliwa mwingine.

Msimu wa 2018 Serikali iliagiza kahawa ipitie kwenye vyama vya msingi, AMCOS, wanunuzi binafsi wakae pembeni vijijini. Aliyeona bei nzuri Uganda akajikuta ni mtu wa magendo, kwa gunia la kahawa alilolivuna kwenye kibanja cha babu yake. Utetezi wa Serikali ni kwamba soko holela linamnyonya mkulima na kuharibu ubora. Hoja hiyo ina uzito. Ni hoja ileile ya fukusi. Na kama wakati ule, hakuna aliyemuuliza mwenye shamba.

Mjini Bukoba tumeona vyama vingi vikifanya kazi yake, kwa kiasi. Wilfred Lwakatare alishinda jimbo la Bukoba Mjini mwaka 2000 kwa tiketi ya CUF, na tena 2015 kwa tiketi ya CHADEMA. Watu walibadili mbunge bila nchi kuanguka.

Lakini Agosti 2013 tulikumbushwa 1968. Madiwani wa CCM katika Manispaa walikuwa wakimpinga Meya Anatory Amani, wa chama chao wenyewe, juu ya miradi ya mji, ukiwamo wa kujenga upya soko kuu. Kwa muuza ndizi wa sokoni pale, hilo ni suala la meza yake na kesho yake. Halmashauri Kuu ya CCM mkoa ikawavua uanachama madiwani wanane. Kamati Kuu ya Taifa ikatengua uamuzi huo, wakapona. Wangepoteza kadi, wangepoteza udiwani, na wauza sokoni wangepoteza sauti, bila hata mmoja wao kupiga kura. Vyama vilikuwa vingi wakati huo, kumbuka.

Vijijini hali imejipinda upande mwingine. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 uliipa CCM zaidi ya asilimia 98 ya vijiji nchini. Katika uchaguzi wa Oktoba 2025 CHADEMA haikuwa kwenye karatasi ya kura kabisa, Tume ya Uchaguzi ikisema haikusaini kanuni za maadili. Mwenye umri wa kukumbuka jembe na nyumba atakwambia kwamba mwaka 1965 alikuwa na wawili wa kuchagua.

Kadi bado ndiyo lango

Kamba inayounganisha 1968 na leo ni moja: Katiba haimruhusu mtu kugombea bila kudhaminiwa na chama, na inamvua kiti anayekoma kuwa mwanachama. Mchungaji Christopher Mtikila aliipinga mahakamani. Jaji Kahwa Lugakingira alimpa ushindi Mahakama Kuu mwaka 1994, Serikali ikabadili Katiba kumzuia, na mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema suala hilo ni la Bunge. Mtikila akaenda Arusha. Juni 14, 2013, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba kuzuia wagombea binafsi kunakiuka haki za raia, na ikaitaka Tanzania irekebishe. Mtikila alifariki kwa ajali mwaka 2015 bila kuona marekebisho.

Wabunge wa Kagera, wa chama chochote, wanaweza kuanzia hapo. Hoja binafsi moja inatosha kuanzisha mjadala, na mkoa uliopoteza wabunge wawili kwa siku moja mwaka 1968 una sababu ya kuwa wa kwanza kuipeleka. Wakulima nao waende kwenye mikutano mikuu ya AMCOS zao, wadai mahesabu, waulize kwa nini bei ya Mutukula inawashinda. Hawahitaji kadi ya chama kwa hilo.

Kugombea ni jambo jingine. Hadi leo mkazi wa Muleba asiye na kadi ya chama cha siasa hawezi kugombea ubunge, wala udiwani, wala uenyekiti wa kitongoji anachokaa.